Menta wa kulipwa kwa watoto walio kwenye mazingira hatarishi: watoto wangapi kwa mmoja, na ufadhili ukiisha?

Mratibu_Tanga aliandika:

Wakuu, salaam.

Asasi yetu ni ndogo, imesajiliwa, inafanya kazi na shule tatu za msingi hapa Tanga mjini. Tuna watoto 40 wa miaka 6 hadi 9. Wengine mzazi yuko gerezani, wengine nyumbani kuna ulevi na vipigo, wengine wameachiwa bibi ambaye naye anauza maandazi alfajiri, na karibu wote wanakosa shule siku mbili tatu kila wiki. Mpaka sasa tumewategemea vijana wa vyuo wanaojitolea. Wanaanza kwa moto, lakini ndani ya miezi minne wamemaliza mafunzo kwa vitendo au wamepata ajira, na mtoto anabaki anauliza dada amekwenda wapi.

Sasa tumepata ufadhili wa miaka mitatu. Bodi inataka tuajiri menta (mtu mzima anayemshika mtoto mkono kwa miaka mingi) wanne wa kudumu, kila mmoja apewe watoto 10, kwa mfano wa wale wa Portland, Marekani, wanaokaa na mtoto miaka 12. Naomba wenye ujuzi mniambie: watoto 10 kwa menta mmoja inabebeka? Wiki ya menta inakuwaje hasa? Na baada ya miaka mitatu tufanye nini? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Mkuu, hilo linalokunyima usingizi ndilo la kuanza nalo, maana ndilo linaloamua mengine yote.

Friends of the Children walianza Portland, Oregon, mwaka 1993, mwanzilishi akiwa Duncan Campbell, wakiwa na menta watatu na watoto 24. Ni wanane kwa mmoja. Huko menta ni mwajiriwa wa muda wote mwenye mshahara, hana kazi nyingine pembeni. Kila mtoto anapewa takriban saa 16 kwa mwezi, yaani saa nne kwa wiki, kuanzia miaka minne hadi sita mpaka amalize sekondari. Hata akihama shule, akifukuzwa au akipelekwa kwa mlezi mwingine, haachwi.

Sasa zilete saa hizo kwenye sheria yetu ya ajira, ambayo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Watoto wanane mara saa nne ni 32. Zinabaki 13, na ndani ya hizo 13 kuna daladala, kuongea na mwalimu, kukaa na bibi, kuandika kumbukumbu na kikao cha msimamizi. Inabana ila inawezekana. Watoto 10 ni saa 40, zinabaki tano, na tano hizo hazitoshi hata nauli na foleni. Hakuna menta atakayekuja kukuambia kazi imemzidi. Atakachofanya ni kupunguza saa za watoto kimyakimya, na wa kwanza kupunguziwa ni yule mgumu, anayejificha akimwona menta anakuja.

Upande wa pesa, nakupa hesabu ya mfano, weka tarakimu zako. Mshahara 800,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mwajiri asilimia 10 ni 80,000. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5 ni 4,000. Nauli na vocha 120,000. Matumizi ya mtoto (penseli, chai na chapati, kiingilio cha mechi) 15,000 kila mmoja. Menta mwenye watoto wanane anagharimu 1,124,000 kwa mwezi, na mwenye 10 anagharimu 1,154,000. Wanne wenye watoto 10 kwa miezi 36 ni 166,176,000, bila msimamizi na bila kupanda kwa bei.

Pesa hiyo hiyo ukiwaajiri wawili, wenye watoto 16 kwa jumla, inawalipa zaidi ya miezi 73. Ni miaka sita na ziada. Mtoto aliye darasa la kwanza leo unamfikisha mwisho wa msingi. Hapo umetoa ahadi inayotimizika.

Najua wafadhili wengi hawakubali pesa yao ivuke kipindi cha mkataba. Ndiyo maana jambo hili linasemwa kabla ya kusaini. Omba malipo yanyooshwe, watoto wachache kwa miaka mingi zaidi. Wakikataa kabisa, basi ajiri wawili, na ile nafasi ya wawili waliobaki itumike kutafuta mfadhili wa pili tangu mwezi wa kwanza. Msisubiri mwaka wa tatu. Ila usichukue watoto 40 kwa sababu tu bajeti ya mwaka wa kwanza inaruhusu.

Wale 24 wanaobaki hawatupwi. Endeleeni na kilabu ya kusoma ya Jumamosi, wasaidieni vyeti vya kuzaliwa, wapelekeni kwa afisa ustawi wa jamii. Hizo ni huduma za kweli. Msiwaahidi tu mtu wa kudumu ambaye hamnaye.

---

UstawiKata alijibu:

Naunga mkono hoja ya hapo juu, na niongeze sababu ya kitaalamu ambayo bodi yako inatakiwa kuisikia: menta anayekatika katikati anaweza kumwacha mtoto vibaya kuliko alivyomkuta.

Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa vijana wa miaka 10 hadi 16 wa Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani la menta wa kujitolea. Waliokaa na menta mwaka mmoja na zaidi ndio walionufaika zaidi. Ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna wanavyojithamini na wanavyojiona kimasomo. Linganisha na ile miezi minne ya vijana wako wa chuo. Mtoto ambaye baba yake aliondoka bila kuaga akiachwa tena na dada wa asasi anajifunza somo lile lile kwa mara ya pili.

Kuna jaribio la zamani zaidi, Cambridge-Somerville, karibu na Boston, lililoendeshwa kati ya 1939 na 1945. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili wanaofanana, mmoja akapata mshauri na mwenzake hakupata. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia, na mwaka 1978 akachapisha matokeo ya miaka 30 baadaye. Kundi lililosaidiwa halikuwa bora. Kwenye mambo kadhaa, ulevi na kurudia uhalifu yakiwemo, lilikuwa baya zaidi. Mwanzoni kila mshauri alikuwa na wavulana zaidi ya 30, na wengine waliondoka vita vilipopamba moto. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba walioumia zaidi ni wale waliopelekwa kambi za kiangazi zaidi ya mara moja, wakakaa pamoja wavulana wenye matatizo yale yale.

Kwa hiyo hilo la kambi lizingatie, maana najua kila asasi inapenda kambi ya likizo na fulana zenye nembo. Usiwakusanye watoto wako 16 wawe kundi lao peke yao. Mpeleke mtoto mmoja mmoja kwenye kundi ambalo tayari lipo na lina watoto wa kila aina: skauti wa shule, kwaya, madrasa, timu ya mtaa. Na fulana isiandikwe chochote kuhusu mazingira hatarishi. Mtoto wa miaka saba anasoma.

Tusikuze mambo pia. Mfano huu wa Portland umepimwa kwa kupanga watoto kwa bahati nasibu: utafiti ulianza 2007 ukiwa na watoto 278 katika miji minne, yaani Portland, Seattle, New York na Boston. Baada ya miaka mitano hivi, walezi wa watoto wenye menta walieleza mwenendo mzuri zaidi shuleni na matatizo machache zaidi kuliko kundi la kulinganisha. Tofauti ipo, ila ni ndogo. Zile asilimia 83 za kumaliza sekondari zinazotajwa sana ni takwimu za shirika lenyewe, hazina kundi la kulinganisha. Ukiandikia wafadhili, usiahidi muujiza.

---

MamaKisauni254 alijibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nijibu la wiki ya menta, maana hapo ndipo mradi unasimama au unaanguka.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mara mbili kwa wiki, saa mbili mbili, siku zile zile. Jumanne na Alhamisi ibaki Jumanne na Alhamisi. Moja ianzie shuleni, nyingine nyumbani. Ya shuleni menta afike nusu saa kabla ya kengele ya mwisho, amsalimu mwalimu wa darasa, atazame daftari la mahudhurio kwa macho yake. Asiulize tu "anaendeleaje", maana jibu ni "vizuri" siku zote.

Kisha daftari la mtoto la hesabu, alifungue kutoka nyuma kuja mbele. Ukurasa wa mwisho uliosahihishwa una tarehe gani? Kama alama nyekundu ya mwisho ni ya Jumatatu ya wiki iliyopita na kurasa tatu baada yake zina kichwa cha habari tu bila kazi, mtoto alikuwapo darasani ila hakuwa na cha kuandikia, au hakuelewa. Kama hata tarehe hakuna, hakuwapo. Mambo mawili hayo yana dawa tofauti. Kama shida ni penseli, mpe, ila ikate katikati. Nusu akae nayo mtoto, nusu ibaki kwenye mkoba wa menta pamoja na kichongeo. Penseli nzima inageuka bidhaa kabla hajafika nyumbani.

Njiani ndiko anakosemea. Watoto wengi hawaongei wakiwekwa kwenye kiti mbele ya mtu mzima. Wakitembea, macho yako mbele, maneno yanatoka. Kwa hiyo nyumba ikiwa dakika 25 kwa mguu, msipande boda. Nyumbani salamu kwanza kwa bibi, dakika tano za habari zake yeye, ndipo kusoma mkekani. Hadithi moja fupi, herufi tano za kadi, mchezo mmoja ambao mtoto amechagua mwenyewe. Mwisho uwe ule ule kila siku: kalenda ya ukutani, mtoto anachora duara kwenye siku ambayo menta atarudi. Akifuta siku iliyopita na kuona duara linalofuata, ameshika ahadi mkononi. Menta akishindwa kuja, apige simu kabla ya saa ya miadi na aongee na mtoto mwenyewe.

Kumbukumbu ziandikwe siku hiyo hiyo, dakika 10 zinatosha: saa ya kuanza na kumaliza, wapi, kilichoonekana, kilichoahidiwa. Kilichoonekana, si maoni. "Ana njaa" haimsaidii msimamizi. "Alikula muhogo nusu, nusu akaufunga kwenye karatasi akasema ni wa mdogo wake" inamwambia kwamba kuna mtoto wa pili kwenye kaya na kwamba chakula cha jioni hakipo.

Kosa kubwa kwenye ripoti za mwezi ni wastani. Menta mwenye watoto wanane na jumla ya saa 120 ana wastani wa 15, unapiga makofi. Fungua orodha: wawili wana saa 22 kila mmoja, na mmoja ana tano. Huyo wa tano ndiye mliyeanzisha mradi kwa ajili yake. Msimamizi aangalie namba ya chini kabisa kila mwezi, akae na menta wajue inatoka wapi. Mara nyingi ni umbali, au ni baba mlevi anayemtisha menta, au mtoto mwenyewe anapima kama utamkatia tamaa. Kila moja ina njia yake, na ya mwisho njia yake ni kuendelea kwenda.

Halafu hili nalisisitiza: kutembelewa si zawadi. Mtoto akiiba, akipigana, akimtukana mwalimu, Jumanne menta anakuja vile vile. Msikubali shule itumie menta kama fimbo: "nitamwambia dada yako asije." Siku mtakapokubali mara moja, miaka yote iliyotangulia imekwisha thamani.

---

Mratibu_Tanga aliandika:

Asanteni sana, dada wa Kisauni hasa. Nimeandika mpaka lile la penseli.

Yamebaki mawili. Kwanza, tunawachaguaje 16 kati ya 40 bila kuonekana tunapendelea? Pili, mabibi wanamwona kijana wetu kama mfuko wa pesa. Leo sare, kesho kodi ya chumba. Na vijana wana huruma, wanatoa mfukoni.

---

UstawiKata alijibu:

Kuchagua. Portland hukaa na walimu wa chekechea kama wiki sita wakiwatazama watoto kabla ya kuamua, wakipima hatari zilizopo na kinga zilizopo. Nyie mna shule tatu, hilo linawezekana. Ukimwomba mwalimu majina kwa mdomo, atakupa wavulana wanaomsumbua. Binti anayekaa nyuma, kimya, anayechelewa kila siku kwa sababu anamwogesha mdogo wake, hatamtaja. Kwa hiyo anzeni na daftari la mahudhurio la muhula mzima, hesabuni siku alizokosa kila mtoto, halafu ndipo muulize mwalimu kuhusu walio juu ya orodha. Ongezeni kutembelea kaya. Na mwangalie upande wa pili: mtoto mwenye shangazi imara anayemfuatilia shuleni ana shida, ndiyo, lakini tayari ana mtu. Nafasi hii mpeni asiye naye. Mizani iandikwe kabla, alama zitolewe na watu wawili kila mmoja peke yake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone utaratibu (asione majibu ya kaya moja moja). Malalamiko yatakuwepo, ila mtakuwa na cha kuonyesha.

Kwa umri, chukueni wa miaka 6 na 7 kwanza. Mtoto wa 9 si kwamba hafai, ila miaka sita yenu itamwishia katikati ya sekondari, pabaya kabisa pa kumwachia.

Pesa. Kanuni iwe moja na isiwe na mlango wa nyuma: menta habebi pesa ya kutoa. Sare au daftari linaombwa ofisini kwa karatasi, msimamizi anaidhinisha, duka linalipwa moja kwa moja. Menta anayempa bibi 5,000 kwa huruma Jumanne, Alhamisi hatasikilizwa kuhusu utoro, ataulizwa kuhusu kodi. Na yule menta wa kaya ya jirani asiyetoa ataonekana mbaya. Kodi ya chumba, mtaji, matibabu ya bibi yana njia zake: TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) kama kaya inakidhi vigezo, ustawi wa jamii kwa msamaha wa matibabu, vikundi vya kukopeshana vya mtaani. Kazi ya menta ni kumsindikiza bibi mpaka kwenye ofisi hizo, akae naye kwenye foleni ikibidi.

Mambo haya yasemwe siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayosomwa kwa sauti: atakuja lini, atafanya nini, hatafanya nini, mlalamike wapi. Na mwiteni menta, au rafiki wa mtoto. Msimwite mlezi. Mlezi ni bibi, na bibi akihisi amenyang'anywa cheo, mlango unafungwa.

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza. Mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto saa 16 kwa mwezi ni nafasi anayoitafuta hata mtu mbaya. Cheti cha polisi cha tabia njema ni mwanzo tu, kinaonyesha waliokamatwa. Wapigieni simu wadhamini watatu, mmoja awe mwajiri wa zamani, na muulize swali hili: ungemwachia mtoto wako? Sikilizeni ukimya kabla ya jibu. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya majaribio, akiambatana na mwingine. Vipindi viwe mahali panapoonekana: uani, mkekani, maktaba, uwanjani. Mtoto halali kwa menta hata siku moja, hata mvua ikinyesha. Msimamizi afike bila taarifa angalau mara moja kwa mwezi kwa kila menta, na aongee na mtoto pembeni.

Na mtoto akianza kusema jambo zito, menta asimwahidi siri. Aseme: "Nimekusikia, si kosa lako, kuna mtu mmoja lazima nimwambie ili atusaidie." Asimhoji, asirudie maswali, aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka. Siku hiyo hiyo taarifa ifike kwa msimamizi na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi wa haki ya mtoto kuvunjwa atoe taarifa serikali za mitaa. Kama ni ukatili wa kingono, hospitali kwanza na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, maana unyevu unaharibu ushahidi. Namba ya bure ni 116, na inafanya kazi Kenya pia.

Mafaili yafungwe kabatini. Picha ya mtoto yenye sura isiende mtandaoni, hata mfadhili akiomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nyie pia, jisajilini kwenye Tume.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Nirudi kwa jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa: menta ataondoka. Hata mkimlipa vizuri, mmoja ataolewa Mwanza, mwingine atapata kazi ya serikali. Ahadi ya miaka mingi inatolewa na asasi, na menta anaibeba kwa kipindi chake. Kwa hiyo makabidhiano yapangwe kabla ya mtu yeyote kuajiriwa.

Kisheria, kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isiyopungua siku 28 ndiyo ya chini. Mkataba unaweza kuweka ndefu zaidi mradi iwe sawa kwa pande zote mbili. Wekeni siku 90, na kiinua mgongo kidogo kinacholipwa makabidhiano yakishakamilika. Anza na wiki nane za kupishana. Wiki mbili za kwanza menta mpya anakuja, anakaa, hafundishi chochote. Wiki nne zinazofuata anaongoza yeye na wa zamani anakaa pembeni. Mbili za mwisho wa zamani anakuja mara moja kwa wiki. Siku ya kuaga iwe na duara kwenye ile kalenda ya dada wa Kisauni, mtoto aijue tangu mwanzo wa notisi. Asiambiwe "nitakuja kukutembelea" kama hatakuja.

Likizo ya siku 28 nayo ina mtego wake. Menta wawili kila mmoja awajue watoto wa mwenzake kwa majina na kwa nyumba, wakutane nao wote mara moja kila muhula. Mmoja akiwa likizo au uzazi, anayeingia si mgeni. Atashika saa mbili kwa wiki kwa kila mtoto badala ya nne, na mtoto aambiwe hivyo mapema.

Kwenye faili ziwepo namba za simu za ndugu watatu wa mtoto, zihakikiwe kila mwanzo wa muhula. Kaya hizi zinahama usiku kwa sababu ya kodi. Mtoto akihamia Muheza, menta anaendelea, safari moja ndefu kwa wiki badala ya mbili fupi. Akihamia Songea, simu ya kila wiki kwa mwaka mzima na barua ya rufaa kwa afisa ustawi wa huko. Binti akipata mimba siku za usoni, Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 unaruhusu kurudi shule, na menta ndiye atakayekwenda nao kwa mkuu wa shule. Jina lake lisifutwe kwenye orodha ili asilimia zipendeze.

---

MamaKisauni254 alijibu:

Nyongeza ndogo kwa Mratibu. Mpito wa shule ndio mwaka wa kuongeza saa. Huku kwetu mtoto anapotoka gredi ya 9 kwenda ya 10, kwenu anapotoka msingi kwenda kidato cha kwanza. Kati ya matokeo na kuripoti kuna wiki ambazo mtoto hayuko mikononi mwa shule yoyote. Hapo ndipo mjomba anakuja kumchukua akauze maji stendi. Menta awe na orodha ya mahitaji ya shule mpya siku ile ile inapotoka, na asindikize siku ya kuripoti mpaka mlangoni.

---

Mratibu_Tanga aliandika:

Wakuu, kikao cha bodi ni Ijumaa. Napeleka hivi: menta wawili, watoto 16 wa miaka 6 na 7, msimamizi mmoja, ombi kwa mfadhili la kunyoosha malipo. Tukipitishwa tunaanza lini na watoto?

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Shule zikifunguliwa Januari, menta wawe wameshaajiriwa Novemba. Miezi hiyo miwili ni ya mafunzo, kupanda na kushuka mitaa yenu mpaka waijue, na kukutana na walimu. Wiki sita za kutazama watoto zianze wiki ya pili ya muhula, kelele za kuandikisha zikishatulia. Mtoto wa kwanza kutambulishwa awe mwanzoni mwa Machi, wawili kwa wiki kwa kila menta, hivyo mwisho wa Machi wote wanane wapo. Mkiwapokea wote siku moja, menta hatajua jina la bibi hata mmoja.

Na kaya yoyote isiambiwe kitu mpaka barua ya mfadhili kuhusu malipo iwe mkononi mwako, imesainiwa.

---

UstawiKata alijibu:

Na nakala ya barua hiyo mpe afisa ustawi wa halmashauri pamoja na ile karatasi ya Kiswahili chepesi. Siku bibi akienda kuuliza huko kama nyie ni wa kweli, ajibiwe pale pale.